Fort Jesus kwa Asubuhi Moja: Anza Nje, Kisha Ufuate Maji

Watu wengi huizuru Fort Jesus kinyumenyume. Wanalipa kiingilio, wanakimbilia jumba la maonyesho, wanapiga picha wameukalia mzinga, wanachungulia bahari, na baada ya dakika arobaini wako nje wanatafuta madafu. Ukiwauliza wameona nini, watakwambia "ngome ya Mreno". Basi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kila jamaa anayeshuka kutoka bara hukabidhiwa kwangu nimtembeze. Nimekwenda mara nyingi hadi nimepata njia yangu, na njia hiyo ina swali moja tu la kubeba kichwani tangu mlangoni: kama ningezingirwa humu ndani, ningekunywa nini, ningekula nini? Si swali la kujifurahisha. Tangu tarehe 13 Machi 1696 hadi 13 Desemba 1698, miezi 33, ngome hii ilizingirwa na Waarabu wa Omani, na walioangamia ndani waliuawa na maradhi na njaa kuliko mizinga. Ukilishika swali hilo, kila shimo na kila kichochoro utakachokutana nacho kitakuwa na maana.

Hatua ya kwanza: chagua saa kabla ya kuchagua siku

Ngome iko wazi kila siku, hata sikukuu. Kosa la wengi ni saa. Fika asubuhi, mara tu malango yanapofunguliwa, au vuta hadi saa tisa na nusu alasiri jua likianza kulegea. Saa sita mchana uwe mahali pengine popote. Kuta za matumbawe huhifadhi joto kama jiko, uwanja wa ndani uko wazi, na vivuli ni vya kuhesabu.

Mwaka mmoja nilimpeleka shangazi yangu mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, saa saba mchana, kwa sababu treni ilikuwa imechelewa na mimi sikutaka ratiba yangu ivunjike. Tulifika nusu ya safari, akaona kivuli, akavua viatu, akakaa. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo historia niletee hapa hapa." Na kweli nilimhadithia pale pale, nusu ya ngome hakuiona. Tangu siku hiyo sibishani na jua.

Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri zaidi: upepo upo na joto limepungua. Aprili na Mei ni masika, na jiwe la pwani likiloa huteleza vibaya. Katikati ya asubuhi, hasa muhula wa shule ukikaribia kufungwa, mabasi ya wanafunzi hufuatana. Watoto hao ni raha kuwaona, lakini huwezi kusikia anachosema mwongozaji wako.

Hatua ya pili: kufika

Ngome iko upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, kwenye mlango wa Bandari ya Kale, pale Barabara ya Nkrumah inapoishia na Mji wa Kale unapoanzia. Ukipanda matatu ya mjini, shuka Posta, kisha ifuate Nkrumah kwa mguu hadi ukutane na ukuta wa rangi ya udongo. Huwezi kuukosa. Ukitoka kituo cha treni cha Miritini au uwanja wa ndege wa Moi, uko ng'ambo ya bara, kwa hiyo kuna kuvuka kuingia kisiwani, na foleni ya kuingia mjini asubuhi haina adabu. Ukitoka Likoni, hesabu muda wa feri, kisha uongeze mwingine juu yake. Tuktuk ndiyo rahisi kwa mwendo wa mwisho. Mwambie dereva "Fort Jesus" tu, na mpatane bei kabla hujakaa.

Beba maji, kofia, viatu vya kushika chini vizuri na kitambulisho. Kiingilio hakilingani: raia wa Kenya, mkaazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali kila mmoja ana bei yake, na watoto wana yao. Bila kitambulisho utajikuta unabishana na karani ambaye hana kosa. Angalia bei ya wakati huo kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ndio wanaoisimamia ngome, na uwe na salio kwenye simu, maana malipo ya serikali siku hizi hupitia mtandaoni. Usitegemee noti mfukoni.

Hatua ya tatu: usiingie bado

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo nusu ya ziara.

Karibu na lango utaikuta mizinga miwili ambayo si ya Wareno kabisa. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine kwenye ya Kiingereza Pegasus. Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus bandarini Zanzibar ikaizamisha. Mwaka uliofuata Königsberg yenyewe ilikwisha kwenye delta ya Rufiji, na Wajerumani wakaing'oa mizinga yake wakaikokota nchi kavu kuendelea na vita. Sasa mahasimu hao wawili wamewekwa jirani, na watoto wanaipanda yote miwili bila kuchagua upande.

Ukishaiona, zunguka. Anza upande wa nchi kavu, utazame handaki na ukuta ulivyosimama juu yake. Kisha rudi, uteremke kando ya ukuta hadi baharini, kwenye ukuta mpya uliojengwa kuzuia mawimbi yasiendelee kuula mwamba. Inua macho. Chini ni mwamba wa matumbawe wenyewe, juu ni ukuta uliojengwa kwa matumbawe yale yale na chokaa, na mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia huwezi kupaona upesi. Mjenzi hakuweka ngome juu ya mwamba, aliuvalisha mwamba ngome.

Mchoro ulitoka kwa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno kule Uhindi, na ujenzi ukaanza Aprili 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo Ureno nayo ilikuwa mikononi mwake. Kilichowatia hofu hadi wakajenga ni jirani zao wa baharini: miaka michache nyuma Waturuki, wakiongozwa na Amir Ali Bey, walikuwa wamekuja pwani hii na kupokelewa vizuri na wenyeji. Ramani ya ngome inafuata umbo la mtu aliyelala, kichwa kikielekea baharini. Watu wa Ulaya enzi zile waliamini kwamba vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo vipimo bora vya jengo. Ukiwa chini hutauona mwili huo, ila tafuta ramani iliyobandikwa ndani na utaucheka.

Kitu unachoweza kukiona ukiwa chini ni hiki. Pembe nne za ngome zimechomoza nje kama mikono na miguu. Hizo ni buruji: San Felipe na San Alberto zinatazama nchi kavu, San Matias na San Mateo ziko upande wa bahari. Simama pale ukuta mrefu unapokutana na buruji, jibanze kwenye kona kama mtu anayejificha. Kisha angalia juu kushoto na kulia. Hakuna pa kujificha, kila kona inaonekana kutoka kona nyingine. Mwarabu wa Omani aliyesimama hapo mwaka 1696 aliliona jambo hilo kwa uchungu zaidi kuliko wewe, ndiyo maana hawakuukimbilia ukuta. Waliamua kungoja.

Hatua ya nne: lango, na mwongozaji

Kabla hujalipa utafuatwa na vijana wa kukutembeza. Wapo wenye vibali na vitambulisho, wanaoijua ngome kama nyumba ya bibi yao, na wapo wanaojua majina matatu na tarehe moja. Njia ya kuwatenganisha ni swali dogo. Mimi huuliza, "Kaka, Yusuf bin Hasan alikuwa nani?" Aliye fundi atatabasamu. Asiyejua ataanza kuniambia habari za Vasco da Gama. Niliwahi kukubali kwa haya bila kuuliza bei, tukamaliza nikaombwa kiasi cha kulisha watu wanne samaki. Tangu hapo nasema mapema: "Ndugu yangu, ni shilingi ngapi kwa sote, mpaka mwisho?" Akitaja, tunapatana, tunashikana mikono, hakuna maneno tena. Kama hutaki mwongozaji, "Ahsante kaka, leo natembea mwenyewe" inatosha, na isemwe kwa uso mkunjufu.

Lango lenyewe limejificha ubavuni mwa buruji ya San Matias, ili mizinga ya kutoka baharini isilifikie. Juu yake kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Ni majigambo ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome hii akiwa na miaka 27, akieleza alivyoitengeneza upya na alivyoiadhibu miji ya pwani ikiwamo Pate na Siyu. Sababu ya kuitengeneza upya haikutajwa kwa urefu unaostahili, na hapo ndipo jibu la swali langu kwa vijana linapoingia.

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno. Yeye wakamchukua akiwa mdogo wakampeleka Goa, makao yao makuu kule Uhindi, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, wakamrudisha kuwa sultani wao. Agosti 1631 aliingia humu ndani na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa Mombasa wakachinjwa. Mwaka uliofuata kikosi cha kulipiza kisasi kilishindwa kumtoa. Aliondoka mwenyewe kwa hiari yake, akaiacha ngome tupu na akaishia kuwa haramia wa baharini. Kwa hiyo ukipita chini ya jiwe la Cabreira, kumbuka linaficha aibu.

Hatua ya tano: uwanjani, fuata maji

Ukiingia ndani usiende kwenye jumba la maonyesho. Nenda katikati ya uwanja utafute vitu vitatu.

Cha kwanza ni msingi wa kanisa. Umebaki mstari wa mawe tu, lakini kwa sisi tunaosema Kiswahili una thamani yake. Wareno waliita kanisa igreja, na wataalamu wengi wa lugha wanalitoa hapo neno letu gereza. Pwani ya zamani ngome iliitwa gereza kwa sababu ya kanisa lililokuwa ndani, hata kabla mtu hajafungwa humo. Kisha Waingereza walipoishika pwani mwaka 1895 wakaigeuza Fort Jesus kuwa jela, na ikabaki jela hadi 1958. Neno lilikuja na maana moja, ngome ikalipa nyingine. Meza, bendera, mvinyo na leso nayo yaliingia kwa mlango huo huo wa Kireno.

Cha pili ni birika la Wareno, lililochimbwa kukinga maji ya mvua. Lichungulie. Hesabu vikombe. Mvua ya pwani ina misimu yake, na katikati ya misimu kuna miezi ya jua kavu. Watu mia kadhaa, wanyama, wagonjwa, na nguo za kufua. Cha tatu ni kisima kilichochimbwa baadaye na Waarabu, kina chake ni zaidi ya mita 20, na maji waliyoyapata yalikuwa na chumvi, ya kuoshea zaidi kuliko ya kunywa. Yaani hata aliyeishinda ngome, akaishika, akawa na wakati na vibarua wa kuchimba, hakuponea kiu yake hapo.

Hapo sasa rudi kwenye miezi 33. Mzingiro ulipoanza, waliokimbilia ndani hawakuwa Wareno tu. Wareno walikuwa askari wachache. Wengi walikuwa watu wa pwani, Waswahili waliokuwa upande wao, kama vile wengine walivyokuwa upande wa Oman. Tauni ikaingia. Kufikia katikati ya mwaka 1697 Wareno karibu wote walikuwa wamekwisha, na ulinzi ukabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Isome hesabu hiyo tena. Ngome hii kubwa ya Mreno ililindwa na mtu wa Faza na wanawake hamsini, ambao majina yao hayamo kwenye jiwe lolote langoni. Septemba mwaka huo meli za Wareno zikafika na watu wapya, na hao nao wakaanza kufa. Desemba 1698 Waomani walipopanda ukuta walimkuta kapteni, watu wachache wa kuhesabika kwa vidole, na padri. Siku saba baadaye meli za msaada kutoka Goa zikatokea mlangoni mwa bahari, zikaiona bendera iliyo juu, zikageuza.

Kutoka uwanjani tafuta njia ya matao. Ni kichochoro kilichokatwa ndani ya mwamba, kinateremka kuelekea baharini. Hapa ndipo chakula, barua na watu vilipoweza kuingia bila kupita lango kuu. Ishike kuta kwa mkono wakati unashuka. Jiwe ni baridi, na ukitazama kwa karibu utaona matumbawe bado yana nyuso zake, mistari na vitundu kama sega la nyuki, vilevile yalivyokuwa yakiishi baharini. Huwa nawaambia watoto watafute uso mmoja mzuri kuliko yote, na dakika kumi hupita bila mtu kulalamika kuchoka.

Hatua ya sita: juu ya kuta

Panda. Wenye watoto wadogo wawashike mkono, maana kuna mahali ukingo uko chini ya kiuno na ng'ambo yake ni shimo tupu. Wazee na wenye magoti mabovu wanaweza kubaki uwanjani bila kukosa mambo makuu. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, uwanja unapitika kwa msaada ingawa una mabonde, lakini kuta ni ngazi na miteremko mikali.

Nenda kwanza San Mateo, simama penye mzinga, utazame mkondo wa bahari. Utaona kwa nini walipachagua hapa: kila chombo kinachoingia Bandari ya Kale kinapita chini ya pua yako. Kisha vuka hadi San Felipe, kwenye nyumba ya Waomani. Ilijengwa baadaye sana kuliko kuta, na sasa ina vito, vyombo na mapambo ya enzi zao, lakini mimi hupandia mandhari: mapaa ya Mji wa Kale, minara ya misikiti, na kanzu zilizoanikwa juu ya mapaa.

Katika nyumba ya kapteni kuna chumba ambacho wageni hupita bila kusimama, na ningeomba usimame. Ni ukumbi wa Wamazrui. Oman ilipoichukua ngome iliweka maliwali, na tangu karne ya 18 maliwali hao walikuwa wa ukoo wa Mazrui. Mabadiliko ya utawala yalipotokea kule Oman na akina Busaidi wakashika hatamu, Wamazrui walikataa kuwanyenyekea, wakaitawala Mombasa kama yao kwa karibu miaka mia, hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo huo wa Busaidi, alipoishika mwaka 1837 na wakuu wao wakakamatwa na kuhamishwa. Humo ndimo walimokuwa wakipokea watu, kuna baraza za mawe na maandishi yaliyochongwa. Muyaka bin Haji, mshairi wetu, aliishi zama hizo na kuzitungia mashairi. Ukiwa unajua beti zake, hapa ndipo pa kuzisema kimoyomoyo.

Hatua ya saba: maonyesho, sasa

Sasa ndiyo ingia jumba la maonyesho, ukiwa umeshajua unachotafuta. Kuna vyungu na kaure za Kichina zilizochimbuliwa Gede, Manda na Ungwana, ushahidi kwamba miji yetu ilikuwa ikila kwenye sahani za ng'ambo kabla Mreno hajaijua njia. Lakini tenga muda wako kwa vitu vya Santo António de Tanná. Hii ni meli ya kivita ya Wareno iliyokuja mwaka 1697 kuokoa ngome wakati ule ule wa mzingiro, ikazama hapa hapa chini ya kuta. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia miaka ya 1970. Vyombo vya kawaida ndivyo vinavyonigusa zaidi: mtungi, sahani, vitu vya mtu aliyetarajia kula chakula cha jioni.

Kisha tafuta kipande cha ukuta chenye michoro ya askari, kilichopatikana buruji ya San Mateo. Kwa makaa na udongo mwekundu, Wareno waliokuwa zamuni walichora meli, samaki, makanisa na watu. Simama karibu uangalie zile meli. Aliyezichora aliijua kila kamba ya tanga, zimechorwa kwa uangalifu kuliko watu. Walikuwa wakichora kile walichokuwa wakikingoja kiwafuate. Usiguse, na zima taa ya kamera.

Ngome ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka ule ule jela ilipoondoka, 1958, ikachimbuliwa na kutengenezwa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hayo utayasoma kwenye vibao, hayahitaji dakika zako.

Hatua ya nane: toka kwa Mji wa Kale

Ziara nzima hivi ilivyo huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Ukitoka usipande tuktuk. Shika Ndia Kuu, uingie Mji wa Kale kwa mguu, milango ya nakshi huku na huku, roshani za mbao juu. Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570 na hivyo ni mkubwa kwa umri kuliko ngome yenyewe, uko njiani. Kama si Mwislamu utazame nje, na Ijumaa mchana upishe watu waende kusali. Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti, huku ni mitaani kwa watu. Kumpiga picha mtu, muulize kwanza, na mama mwenye buibui akikataa, shusha kamera bila maneno.

Njaa ikikushika, kuna viazi karai na mhogo wa kukaanga kando ya njia, na asubuhi mahamri kwa mbaazi. Muuza kahawa ukimsikia kabla hujamwona, anagonga vikombe, mwagizie kahawa tungu na kashata. Ukimkuta mzee barazani, mwamkie, "Shikamoo mzee," kabla ya kuuliza njia. Mara nyingi ataulizia ulikotoka, na ukimwambia umetoka Ngomeni, atakuongezea jambo ambalo halimo kwenye kibao chochote.

Ikiwa una nusu saa zaidi, rudi kwenye ukuta wa mawimbi chini ya ngome, maji yakiwa yametulia. Keti hapo. Mbao za Santo António ziliachwa chini ya maji hayo, kwenye mchanga, hatua chache kutoka kwenye ukuta iliokuja kuuokoa.